Miti Niliyodhani Imekufa

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Padre Octavian ameniita ofisini asubuhi. Nimeingia kwa hofu — mtu aliye kwenye matazamio ya kazi akiitwa na mkurugenzi wa hospitali hafikirii mema. Kumbe ni heri! Wafadhili wamekubali. Kituo chetu cha afya cha Chitunga, kule mbele ya Chamwino, kitaunganishwa na hospitali kwa mawimbi ya hewani. Kule simu ya mezani haijafika, na ya mkononi ukishatoka mjini inabaki kuwa saa tu. Sasa mkunga wa Chitunga atanyanyua simu mezani kwake, itaita huku wodi ya wazazi, na gari litatoka.

Na nani atachagua mitambo? Mimi. Padre anasema, wewe ndiye mtu wetu wa kompyuta, Aneth. Mtu wa kompyuta! Nilichosomea ni kebo kutoka chumba hiki kwenda chumba kile. Antena za nje zilikuwa sura ya mwisho ya kitabu, ile ambayo mwalimu hakuifikia.

Nimejibu, bila shaka, Padre. Mdomo huu utaniponza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Katalogi imefika kwa basi kutoka Dar. Ametuma Charles, fundi wa kampuni itakayotuuzia. Nimeisoma mpaka macho yanauma. Kuna antena ya fimbo, inamwaga mawimbi pande zote kama koroboi. Kuna ya sahani ya wavu, inayakusanya yote na kuyapeleka upande mmoja kama tochi. Padre anataka fimbo. Eti siku moja shule ya sekondari nayo ipate, parokia ipate, kila mtu apate. Nimemwambia koroboi haimmuliki mtu aliye kilomita arobaini. Amecheka, akasema haya, fundi.

Lakini je, niko sahihi? Nimepiga hesabu ya nguvu ya mawimbi mara kadhaa na kila mara napata jibu jipya. Nikosee hapa, nimekosea ng'ambo zote mbili.

Halafu redio yenyewe, ile inayotuma na kupokea hayo mawimbi. Iwekwe ndani, kebo nene ipande hadi juu? Kebo ndefu hula mawimbi njiani. Au iwe kwenye boksi lisiloingiza maji, mgongoni mwa antena kabisa? Mawimbi hayapotei, ila jua la Dodoma litalichoma boksi, na likiharibika lazima mtu apande. Mtu huyo ni mimi. Na mimi naogopa ngazi, Mungu anajua, mwingine asijue.

Jumatano, 15 Oktoba

Chitunga! Nimeenda na kaka Matonya, dereva wa gari la wagonjwa. Barabara mbovu, vumbi mpaka kwenye meno. Kati ya Chamwino na Chitunga tumevuka korongo pana, mchanga mtupu. Watu walikuwa wamechimba vishimo humo wanachota maji kwa kata.

Mkunga ni mama Loisi. Mfupi, wa makamo, sauti kubwa kuliko mwili. Nimempa shikamoo, yeye ananirudishia "Mbukwenyi!" na kunisubiri nijibu Kigogo. Nimejibu ovyo, wajawazito wote kwenye benchi wakacheka. Nimeona aibu lakini nimependa.

Amenionyesha redio call yake. Sanduku la kijivu, betri ya gari chini ya meza, waya umefungwa juu ya paa. Kila asubuhi vituo vyote vinaitwa kwa zamu. Baada ya hapo mwenye shida anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Kuna siku ameita tangu asubuhi mpaka adhuhuri ndipo wakamsikia.

"Hiyo yako haitakuwa na makelele?"

"Haitakuwa nayo, mama. Utaongea kama tunavyoongea hapa."

"Basi ilete hata kesho, mwanangu. Mimi koo limekwisha."

Mbele ya kituo, upande wa mjini, kuna mwinuko na juu yake kichaka cha miti mikubwa, mibuyu na mikungugu. Haina jani hata moja. Matawi meupe kama mifupa. Nimesikitika sana. Ukame wa mwaka jana umeua mpaka miti! Kwetu Muleba mti usio na jani ni kuni. Tangu nije Dodoma mwezi wa Juni sijaona kijani isipokuwa kwenye bustani za watu wenye bomba.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimepanda mnara wa tangi la maji la hospitali. Mimi! Tulipatana na mama Loisi kwamba jua likishapanda asimame juu ya paa la kituo na kioo cha kujitazamia, akigeuzegeuze kuelekea mjini. Nimekaa huko juu na darubini ya Padre, jasho linanitoka, sioni kitu. Vumbi, vichaka, vumbi. Nikaanza kujilaani.

Halafu — cheche! Ikapotea. Ikarudi! Cheche nyeupe ikipenya katikati ya matawi ya kile kichaka. Nimepiga kelele, wagonjwa waliokuwa chini wakadhani naanguka.

Nimempigia Charles. Ananiuliza, njia iko wazi? Nimemwambia iko wazi, nimeona kwa macho yangu. Akauliza, hakuna miti? Nikamjibu ipo, lakini imekufa, matawi makavu tu. Akasema kuni kavu haisumbui mawimbi. Ila yeye angependa tuchukue mlingoti mrefu kule Chitunga, kwa usalama.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mlingoti mrefu au mfupi? Nimeshindwa kula.

Mrefu utavuka kila kitu. Lakini haupo Dar, mpaka uagizwe, na nyaya zake za kuushikilia zitaingia kwenye mashamba ya uwele ya majirani wa kituo. Itabidi mazungumzo, mikutano. Mfupi upo, unaweza kuja mwezi huu. Na cheche nimeiona! Mwenye macho haambiwi tazama.

Nimechagua. Sahani za wavu mbili, kubwa kabisa, moja tangini, moja Chitunga. Redio za nje, kwenye maboksi. Mlingoti mfupi. Padre ametia sahihi bila kusoma, ananiamini. Afadhali angesoma.

Jumatano, 5 Novemba

IMEFANYA KAZI.

Niandike kwa utaratibu. Charles amekuja na mitambo jana. Kijana mcheshi, anaongea Kiswahili cha Dar, kila kitu "freshi". Tumefunga ya tangini kwanza. Leo Chitunga. Nimeziba viunganishi vyote kwa mpira wa kuzuia maji, mizunguko mitatu mitatu, Charles ananicheka kwamba nafunga kidonda. Mwache acheke. Kisha kazi ya kulenga: anaisogeza sahani kidogo kidogo, mimi natazama namba za mawimbi kwenye kompyuta. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Halafu zikapanda! Nyingi kuliko nilizopata kwenye hesabu zangu zozote.

Mama Loisi amenyanyua simu kwa mikono miwili. Ikapokelewa wodi ya wazazi. Alianza kupiga kelele kama alivyozoea, wakamwambia huko asipige kelele, wanamsikia. Akasema polepole, "Haloo?" Machozi yakamtoka, na mimi pia, na Charles akajifanya anakunja kebo.

Ijumaa, 14 Novemba

Simu inaita kila siku. Wiki hii gari limetoka kwenda Chitunga safari mbili na kina mama wote wawili wako salama, mmoja amejifungua hapa hapa. Mama Loisi ameifunika simu yake kwa kitambaa cha kufuma, pembeni kina maua mekundu. Matonya ndiye ameniambia.

Leo Padre ameniita tena. "Tumsifu Yesu Kristo." Milele, amina. Akaniambia kuna zahanati nyingine, upande wa Mpwapwa, haina mawasiliano kabisa. Ile redio call ya Chitunga sasa haina kazi. Je, ihamishwe? Akanitazama usoni. "Mtambo wako unaaminika, Aneth? Niambie wewe."

Kuna kitu kilinigusa moyoni, sijui nini. Kama mtu aliyetoka nyumbani na hakumbuki kama amezima jiko. Lakini namba ni nzuri! Mama Loisi anafurahi! Na zahanati ile haina kitu.

Nimesema unaaminika, Padre.

Jumatatu, 17 Novemba

Redio call imeondoka. Matonya anasema mama Loisi aliifuta vumbi kabla ya kuitoa.

Jumapili, 30 Novemba

Joto. Anga nyeupe. Kanisani sala zote ni mvua, mvua. Mwaka jana watu walivuna mabua, mwaka huu maghala yamekauka, uwele umepanda bei pale soko la Majengo mpaka akina mama wananunua kwa kikombe. Nimeitikia amina kwa sauti kubwa kuliko jirani zangu wote.

Jumanne, 2 Desemba

MVUA! Imeanza mchana, tukiwa kazini. Kwanza upepo na vumbi, halafu matone makubwa, halafu bati likanguruma hatusikilizani. Wagonjwa wametoka barazani. Daktari ametoka. Watoto wamevua mashati. Harufu ile ya ardhi! Tabu, mwenye nyumba wangu hapa Makole, jioni nimemkuta uani anacheza peke yake na kanga imelowa chapachapa. Kesho anakwenda shambani, hata nikitaka kumlipa kodi nimfuate huko huko, anasema.

Nikiwa bado kazini nilikimbia kutazama mitambo. Namba zilishuka kidogo wakati wa mvua, zikarudi ilipokatika. Boksi halijaingiza tone. Nilifunga vizuri ile mizunguko mitatu! Nimefurahi kama mtoto.

Jumamosi, 6 Desemba

Ajabu ya nchi hii. Ndani ya siku chache tu, kijani! Mti ulioko mbele ya nyumba ya Tabu, ambao nilikuwa naanikia nguo kwa sababu niliuona ni gogo, umetoa vijani vidogo kila kitawi. Nimemuita Tabu aje aone muujiza. Amenishangaa. "Aneth, kwani ulidhani huu mti umekufa?" Akacheka mpaka akakaa chini. Nami nimecheka.

Nimeacha kucheka katikati. Sikumaliza hata chai. Kile kichaka.

Jumatatu, 8 Desemba

Namba zimeshuka. Si sana. Mvua haikunyesha leo, jua kali tangu asubuhi, kwa hiyo siwezi kusema ni mvua.

Nimefungua ile sura ya mwisho ya kitabu. Iko pale, mistari minne, mtu yeyote angeiona: majani mabichi yamejaa maji, na maji hunywa mawimbi ya aina yetu. Tawi kavu, hapana. Jani bichi, ndiyo. Na kichaka kizima cha mibuyu!

Mimi, msomi, nimepima njia ya mawimbi wakati miti yote imelala, nikaiandikia cheti cha kifo. Charles aliniuliza. Aliniuliza waziwazi! Nikamjibu imekufa, kwa sauti ya mtu anayejua.

Labda majani hayatakuwa mengi. Labda.

Jumatano, 10 Desemba

Nimekwenda Chitunga, nimemdanganya Padre kwamba nakwenda kusafisha mitambo. Korongo lilikuwa na maji ya kifundo cha mguu, Matonya akavuka bila kupunguza mwendo.

Sikuitambua nchi. Kila mahali kijani, watu wote mashambani, majembe yanapanda na kushuka, watoto wanafukuza kumbikumbi. Nchi nzuri hivi! Na mimi naitazama kama mtu anayemwona mwizi wake. Kile kichaka juu ya mwinuko kimeanza kufunga. Matawi bado yanaonekana, lakini kwa siku ngapi?

Nimepanda mlingoti, nimegeuza sahani kushoto, kulia, juu. Nimeunga kipande cha bomba kuinyanyua zaidi. Namba zikapanda kidogo. Upepo ukavuma, bomba likapinda. Nimelishusha.

Nikamuuliza mama Loisi, kwa mzaha mzaha, hivi miti ile ikipunguzwa kidogo pale katikati, itakuwaje? Aliweka chini mkasi wake.

"Pale pana matambiko ya mvua, mwanangu. Mwaka jana wazee walitambika wee, hakuna kitu. Mwaka huu imenyesha. Sasa uende na shoka? Mwaka huu?"

Nimesema hapana, nilikuwa nauliza tu. Halafu akauliza kama simu ni nzima, maana jana sauti ya daktari ilikuwa inakatikakatika, akadhani ni daktari amechoka.

Nimemwambia nitairekebisha.

Ijumaa, 12 Desemba

Charles kwenye simu. Hakunilaumu, na hilo ndilo limeniuma zaidi. Alisema tu, "Duh, dada." Dawa ni mlingoti mrefu, upite juu ya majani. Kampuni yake ilishaagiza mmoja, upo njiani baharini, na bandarini hakuna kitakachotoka mpaka baada ya sikukuu. Januari, labda katikati.

Januari! Mimi na mama Loisi na wajawazito wa Chitunga tukae tu tunatazama majani yakikua.

Jumapili, 14 Desemba

Misa ya shukrani kwa mvua. Ngoma, vigelegele, akina mama wameleta miche ya mahindi kwenye kapu mpaka altareni. Padre Octavian amehubiri vizuri sana. Mimi nimekaa nyuma, karibu na mlango. Tangu Jumatano imenyesha kila siku. Kila tone naliona linapanda kwenye mizizi ya ile mibuyu. Watu wanashukuru, mimi naomba kimoyomoyo jua liwake! Nimejichukia. Watu walilala njaa mwaka mzima.

Naogopa nini hasa? Niandike ukweli, humu hakuna anayesoma. Matazamio yangu yanakwisha mwezi ujao na naogopa kufukuzwa, ndiyo. Lakini hiyo ni hofu ndogo. Hofu kubwa ni ule mkono wa mama Loisi ukinyanyua simu, na upande huu hakuna anayesikia. Alikuwa na sanduku lake la makelele. Liliita, hata kama ni kwa kuchelewa, liliita. Mimi ndiye niliyesema liondoke.

Nitamwambia Padre kesho.

Jumanne, 16 Desemba

Jana sikumwambia. Alikuwa na wageni. Leo nimemwambia — nusu. Nimesema, Padre, mawimbi ya Chitunga yamepungua kidogo. Akauliza, kidogo kiasi gani? Nikasema kidogo. Akauliza, kuna hatari? Nikasema nafuatilia.

Nafuatilia! Hilo ni neno la watu wasiofanya kitu.

Jana jioni sauti ilikatika mara nyingi. Nimemfundisha mama Loisi arudie kila sentensi mara mbili na aongee maneno machache. Amenijibu, basi si ile ile redio call tu, mwanangu? Alicheka. Sauti yake ilifika kwa vipande.

Alhamisi, 18 Desemba

Simu ya Chitunga imeita saa nzima haipokeleki, yaani inapokelewa na sauti haipo. Baadaye imekaa sawa kwa dakika chache, tukaongea. Hakuwa na dharura, alitaka dawa za malaria. Mungu ametusamehe siku moja.

Daktari amelalamika kwa Padre kwenye kikao. Nimesikia kupitia mlango. Padre akamjibu kwamba Aneth anafuatilia.

Siwezi tena. Kesho asubuhi kabla ya kitu chochote.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimemwambia. Yote. Miti, mlingoti, Charles alivyoniuliza, nilivyojibu, redio call. Nilikuwa nimesimama, sikuweza kukaa. Nilitarajia aje juu. Hakuja juu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akauliza: "Ulijua tangu lini?"

Tangu tarehe nane, Padre.

Alihesabu kimya kimya. Niliona midomo inacheza. Ningetamani angenifokea.

Ameiita kwa redio ile zahanati ya Mpwapwa. Redio call itarudi Chitunga, gari la kuifuata litakwenda Jumatatu, maana mpaka Jumapili magari mengine yako kwenye chanjo. Mpaka Jumatatu, amesema, Matonya asitoke mjini kwa kazi nyingine yoyote, na mimi nisitoke kwenye ile simu. Kuhusu kazi yangu hakusema neno. Nilipofika mlangoni akaniita. "Aneth. Kuja kwako leo ni vizuri. Jana ingekuwa vizuri zaidi."

Siku mbili tu. Jumatatu si mbali.

Jumamosi, 20 Desemba

Naandika nikiwa kwenye gari, kando ya korongo, kwa sababu hapa hakuna la kufanya ila kungoja.

Asubuhi simu imeita. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Nimenyanyua: kimya. Imekata. Imeita tena, kimya, halafu kipande cha sauti ya mama Loisi, kifupi, hakikufika hata neno. Nimepiga mimi, haiendi. Nimetazama namba za mawimbi: hakuna kitu. Mvua imenyesha usiku kucha na kile kichaka lazima kimelowa jani kwa jani.

Simu ikaita mara ya tatu. Mtu hapigi mara tatu kuomba dawa za malaria. Nimekimbia uani, Matonya alikuwa ameshawasha gari kabla sijafungua mdomo. Padre alisimama barazani na mwamvuli, akatupungia twende, twende! Muuguzi wa zamu akanirushia kamba iliyokuwa nyuma ya mlango, sijui kwa nini, labda kwa sababu anaijua barabara ile.

Korongo limejaa. Lile lile la mchanga na vishimo vya kuchotea maji! Maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakokota magogo na vichaka vizima na mizizi yake. Matonya alisogeza gari mpaka maji yakagusa bampa, akarudisha nyuma. Anasema likijaa hivi huchukua saa kadhaa kupungua, mvua ikiacha. Haijaacha.

Na wako kule. Ng'ambo. Tumewaona mara tulipofika. Mkokoteni wa punda, turubai limefunikwa juu, wanaume wanne wameshika pembe za turubai. Mama Loisi amesimama kati yao. Hakusubiri. Lazima alinyanyua simu tangu alfajiri, haikuita huku, hakusikia mtu, akampakia mama mjamzito kwenye mkokoteni akaja kututafuta kwa miguu yake. Kama redio call ingekuwa pale tungekuwa tumepita hapa mapema, maji yakiwa bado chini. Naliandika hivyo hivyo lilivyo.

Nimeshuka, nimeita mpaka nimekauka koo. Maji yananguruma, hakuna linalofika. Matonya amepiga honi. Mama Loisi ametuona. Mkono mmoja ameunyanyua juu, ameshika chupa ya dripu, mpira unashuka kwenda chini ya turubai. Wa pili akatuonyesha maji, akatuonyesha mkokoteni. Nimemuonyesha kamba. Amekubali kwa kichwa.

Matonya amekwenda kutafuta mahali penye kina kidogo, amerudi. Anasema juu kidogo pana mwamba, labda. Anavua viatu. Nimemwambia asiende, maji ni mengi. Anasema amekulia kwenye makorongo haya, na mimi nimekulia kwenye migomba, basi nishike kamba.

Nimetazama tena ng'ambo. Wanaume bado wameshika turubai. Mama Loisi ameshusha ule mkono. Chupa haiko juu tena. Amekaa chini, kwenye matope, kando ya gurudumu, na hatutazami.

Nimemuuliza Matonya kwa nini ameshusha chupa. Anajifunga kamba kiunoni, fundo la kwanza, la pili. Nimemuuliza tena.

"Labda dripu imekwisha, dada," anasema. "Dripu si huwa zinaisha?"

Amenipa ncha ya kamba. Anaingia majini; naacha kuandika, nishike kwa mikono miwili.